Notepad++ kwenye hali ya giza: uzoefu wangu wa msimu wa korosho Mtwara

Kazi yangu hapa Mtwara ni kusafisha orodha za wakulima wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao. Ikifika Oktoba, minada ya korosho ikianza, mafaili ya CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, yanamiminika: majina, namba za simu, kilo, akaunti za benki. Nayafungua kwa Notepad++, programu ya kuhariri maandishi kwenye kompyuta, kwa sababu programu za majedwali hufuta sifuri ya mwanzo, na 0784 inageuka 784. Kazi hiyo huenda hadi usiku wa manane, na bila hali ya giza, yaani maandishi meupe juu ya giza, macho yangu yasingehimili.

Kabla ya toleo la 8, lililotoka 2021, uliweza kutia giza eneo la kuandikia tu, kwa rangi kama Zenburn au Obsidian. Menyu na kisanduku cha kutafuta vilibaki vyeupe pee. Ukibonyeza Ctrl+F usiku, mwanga unakuchoma machoni. Siku hizi unaingia Settings, Preferences, halafu Dark Mode, na programu nzima inatulia, kisanduku cha kutafuta kikiwemo. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, maana sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta na kubadilisha.

Rangi yake ya nyuma ni kijivu kizito, si nyeusi tii, na napenda ibaki hivyo. Lakini ongeza ukubwa wa herufi: shika Ctrl, zungusha gurudumu la kipanya. Herufi ndogo juu ya giza hukonda, na 1,250 inafanana na 1.250. Kwenye kilo za mkulima, koma na nukta si kitu kimoja kabisa.

Mwenzangu ofisini ana astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho inayofanya vitu vionekane na ukungu. Yeye akiangalia maandishi meupe juu ya giza, anaona kingo zimetawanyika, kwa hiyo anabaki na ukurasa mweupe na kupunguza mwangaza. Yuko sahihi kwa macho yake.

Mchana mambo hugeuka. Ukikaa barazani Shangani na jua la saa sita, kioo cheusi kinaakisi dirisha, shati lako, kila kitu isipokuwa majina. Hapo narudi kwenye mweupe bila kusita.

Na umeme ukikatika, usitarajie betri idumu zaidi kwa sababu ya giza. Skrini ya LCD ina taa ya nyuma inayowaka vilevile. Cha kupunguza ni mwangaza. Kwenye OLED ndiko giza huokoa chaji, kwa kuwa kila nukta hujiwashia yenyewe.

Kabla ya kuchapisha, pita Preferences, sehemu ya Print, uhakikishe haiko kwenye WYSIWYG, kwani hiyo huchapa pamoja na rangi ya nyuma na kumaliza wino. Mimi nimeiweka kwenye Black on white, na orodha za kubandika ghalani zinatoka safi.