Mboji iliyoiva na ile yenye homa: misimu miwili ya nyanya zangu Bombo

Nimenunua magunia 12 ya mboji ya kijana mmoja wa Wakiso kwa misimu miwili na nimeyamaliza yote kwenye nyanya na mboga za majani, yaani nakati na dodo (mchicha), za nyuma ya nyumba yangu hapa Bombo, Uganda. Naandika kwa sababu watu wengi wa huku kwetu wanauziwa takataka zilizooza nusu kwa jina la mboji. Hata mimi niliuziwa.

Ilikuwa msimu mmoja kabla ya hii miwili ninayoisimulia. Gari lilipita mtaani, gunia shilingi 15,000, nikachukua sita bila kufungua hata moja. Nilipoyafungua nyumbani, harufu ilinipanda puani kama ya banda la kuku lililofungiwa wiki nzima, na ndani kulikuwa na vuguvugu. Nikajiambia ndiyo nguvu ya mbolea. Nikajaza mashimo 120, siku ya pili nikahamisha miche. Baada ya wiki moja majani ya chini yalikuwa ya njano, ncha zimekauka kama zimepitishwa motoni. Niling'oa miche zaidi ya 70. Mizizi ilikuwa ya kahawia, hakuna uzi mweupe hata mmoja.

Jirani yangu, mzee wa Kinubi ambaye amelima mji huu tangu mimi sijazaliwa, alikuja akachota konzi moja, akainusa, akairudisha chini. "Mboji hii bado ina homa, mwanangu. Huwezi kumlaza mtoto kitanda kimoja na mgonjwa." Akanionyesha jinsi ya kuipima: chomeka nondo katikati ya gunia au lundo, kaa dakika kumi, ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, bado inapikika. Iliyoiva inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua, na huwezi tena kutambua hili lilikuwa ganda la ndizi au lile lilikuwa jani la kabichi. Baadaye ndiyo nikaelewa sababu: isiyoiva inaendelea kuoza ndani ya shimo, vijidudu vinavyoiozesha vinaunyang'anya mmea naitrojeni, na amonia inayotoka inaunguza mizizi michanga.

Kwa hiyo safari iliyofuata sikungoja gari. Nilipanda taksi mpaka kwa kijana anayeitengeneza mwenyewe, upande wa Wakiso, niliyeelekezwa na mama mmoja muuza miche. Nilimwambia sinunui mpaka nitie mkono kwenye lundo. Hakukasirika. Alinipitisha kwenye malundo manne, kila moja na umri wake, akaanza na lile bichi. Malighafi yake ni maganda ya matoke na mabaki ya mboga kutoka soko la Kalerwe, samadi ya ng'ombe, maganda ya kahawa na majani makavu. Ana kipimajoto cha fimbo ndefu. Kwenye lundo la wiki ya pili kilisoma nyuzi 62. Aliniambia hushusha turubai kila mvua ikitishia, na hupindua lundo kila joto likianza kushuka, ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Hilo la kupindua ndilo linalotenganisha mboji na jaa. Joto likipita nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, mbegu za magugu na vimelea vingi hufa, lakini ni vya katikati tu. Vilivyo pembeni vinasubiri zamu yao. Lundo la mwisho lilikuwa na miezi minne. Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Lilikuwa baridi.

Gunia la kilo 50 aliniuzia shilingi 25,000, na pikapu ya magunia sita hadi kwangu 40,000. Ukijumlisha, si bei rahisi. Mimi nililipa nikiikumbuka ile miche 70 ya msimu uliopita.

Hata hivyo sikuyamwaga shambani siku hiyo. Nilijaza makopo mawili, moja mboji na udongo, lingine udongo mtupu, nikapanda maharagwe matano kila kopo. Mboji mbaya hujionyesha hapo: mbegu hazioti, au majani ya kwanza yanajikunja. Nyingine kidogo niliilowesha, nikaifunga kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) bila hewa kwa siku tatu. Nilipofungua ilinuka udongo. Maharagwe yaliota yote kumi, na yale ya kopo la mboji yalikuwa na majani mapana zaidi. Siku hiyo ndipo nilipopata usingizi.

Nilipanda Septemba, mvua za pili zilipoanza. Kila shimo kopo la kilo mbili, imechanganywa vizuri na udongo wa juu, halafu matandazo ya nyasi kavu. Udongo wetu ni mwekundu, mvua ikikata wiki moja unakuwa tofali. Sasa nitaje jambo lililonifurahisha kuliko yote, na si ukubwa wa nyanya. Ni maji. Zamani nilibeba jerikeni kila jioni. Mwezi wa Desemba, mvua zilipokwisha, nilikuwa namwagilia kila baada ya siku tatu, na nikifukua chini ya nyasi kwa vidole nakuta ubichi. Kwa sababu hiyo hiyo, nadhani, nyanya zilizooza kitako zilikuwa chache mno. Ugonjwa ule huja mmea ukikosa madini ya kalisi (kalsiamu), na mara nyingi kalisi imo udongoni ila maji ya leo-yapo-kesho-hayapo hayaifikishi kwenye tunda. Magugu nayo yalikuwa machache. Samadi mbichi niliyozoea kutumia ilikuwa inaniletea shamba zima la nyasi ambazo sikuzipanda.

Daftari langu linasema makarai 22 msimu huo. Msimu wangu bora wa mbolea ya dukani ulikuwa makarai 17. Sitasema tofauti yote ni ya mboji, maana matandazo na mvua nzuri vilisaidia.

Sasa kasoro, na nitazisema bila kumwonea haya kijana wa watu kwa sababu nilishamwambia mwenyewe.

Kubwa ni plastiki. Msimu wa pili nilichekecha gunia moja kwa wavu wa nusu inchi nikahesabu: vipande 31 vya kaveera, vizibo vitatu, na kigae cha chupa kilichonikata kidole. Haya ndiyo matokeo ya kuchukua takataka za soko ambazo hazikutenganishwa pale pale sokoni. Inaniuma kwa sababu najua zile ambazo hazichukuliwi zinakwenda wapi. Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, jaa la jiji la Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa, ukafukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sehemu kubwa ya mlima ule ilikuwa maganda na mboga, kitu ambacho kingekuwa udongo. Kwa hiyo kazi ya kijana huyu naiheshimu sana, lakini mtu hawezi kulisha watoto kutoka bustani yenye vigae. Alinibadilishia gunia na akaniambia ameajiri kina mama wawili wa kuchambua. Nitaona.

Ya pili ni maneno ya kwenye karatasi iliyoshonwa kwenye gunia: eti mboji "hutibu mnyauko". Si kweli, na maneno haya yanaweza kumtia mkulima hasara. Msimu wa pili miche tisa ya pembeni ililala mchana mmoja, majani yakiwa bado ya kijani. Nilikata shina, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, na baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Huo ni mnyauko wa bakteria na hakuna mbolea inayoutibu. Kosa lilikuwa langu: pale palikuwa na nakati msimu uliotangulia, na nakati, ntula (nyanya chungu), bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa nyanya, wanaambukizana. Niling'oa, nikachoma, na kona ile sasa ina mahindi. Nimemwomba aifute ile sentensi.

Pia alinishauri nitumie mboji tupu kwenye kitalu. Nilikigawa kitalu nusu kwa nusu ili nijaribu. Upande wa mboji tupu ulishika maji kupita kiasi na miche ikaanguka shingo; upande niliochanganya sehemu moja ya mboji, moja ya udongo na moja ya mchanga ulisimama vizuri. Na ukitegemea mboji peke yake kwa nyanya, ujue inatoa chakula polepole. Wakati wa maua, majani ya nyanya zangu yalipauka kidogo. Niliongeza konzi mbili kwa kila shina, na mara moja kwa wiki mkojo wa sungura, lita moja kwa maji lita kumi, nikiumwaga chini na si kwenye majani. Wiki mbili rangi ikarudi.

Jambo la mwisho ninalomdai ni karatasi ya maabara. Kila nikimuuliza naitrojeni ni kiasi gani, anajibu "ni nyingi, mama." Watafiti wa udongo wako Kawanda, kwenye barabara hii hii ya Bombo. Apeleke sampuli ya kila lundo, aandike namba kwenye gunia, na mimi nitakuwa tayari kuongeza kitu kwenye bei.

Nakati na dodo sina la kulalamikia. Nilitandaza gunia moja kwenye matuta mawili, na nimekata mara nyingi mpaka jirani zangu wameacha kupeleka hela sokoni.

Nimeagiza magunia manane kwa ajili ya mvua za Machi. Tumekubaliana nitakwenda na wavu wangu, nichekeche gunia moja nitakalolichagua mwenyewe mbele yake, ndipo nitoe hela.