Filta ya kisafisha hewa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujauliza bei, igeuze mashine yako usome stika ya chini au ya mgongoni. Kinachotakiwa ni namba kamili ya modeli, kwa sababu jina la kampuni peke yake halitoshi. Xiaomi 2H, 3C, 3H na Pro zinatumia filta moja ya mviringo, lakini 4 Compact ina yake ndogo, na muuzaji asiyejua hilo atakuuzia "ya Xiaomi" bila wasiwasi wowote. Stika ikiwa imefutika, toa filta ya zamani uipime kwa rula: urefu, upana na unene kwa milimita, pamoja na sponji ya pembeni. Ya mviringo pima kimo, kipenyo cha nje na kipenyo cha tundu.

Vipimo hivi vina uzito kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Filta ikipungua milimita tatu, hewa haitahangaika kupenya kwenye mikunjo. Itapita pembeni palipo wazi na kurudi chumbani na vumbi lake. Ndiyo maana filta ya daraja la chini kidogo iliyobana vizuri inashinda ya daraja la juu la H13 inayocheza ndani ya nafasi yake. Ukitaka kujua kama ya sasa inavujisha, zima mashine, chomoa plagi, toa filta na upitishe kidole upande wa feni, yaani upande ambao hewa ilipaswa kufika ikiwa safi. Kidole kikitoka na vumbi la kijivu, au fremu ikiwa na michirizi myeusi kwenye kona, hapo ndipo hewa ilipokuwa inatorokea.

Kuhusu madaraja: kwa kipimo cha Ulaya cha EN 1822, E11 inanasa angalau asilimia 95 ya chembe zile sumbufu kuliko zote kunasa, E12 asilimia 99.5, na H13 asilimia 99.95. Kwa kipimo cha Marekani, HEPA, yaani filta ya kunasa chembe ndogo sana, ni asilimia 99.97 kwa chembe za maikroni 0.3. Maneno kama "aina ya HEPA" au "mfano wa HEPA" hayana kipimo chochote nyuma yake.

Ila usikimbilie namba kubwa. Kinachosafisha chumba ni wingi wa hewa safi inayotoka kwa saa, ile CADR inayoandikwa kwenye boksi la mashine. Tuseme feni inasukuma mita za ujazo 300 kwa saa kupitia E11: unapata 285 safi. Ukiiwekea H13 nzito ambayo feni haikuundiwa, msukumo ukashuka hadi 220, unapata 220 tu, na kelele imeongezeka. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 43. Kukizungusha mara tano kwa saa kunahitaji 216. Kwa hiyo hiyo "bora zaidi" imekuacha ukingoni, na vumbi likianza kujaa utakuwa chini ya hapo.

1. Orijino, kama mashine bado ina waranti au filta ina chipu

Hii tunaiweka juu, lakini si kwa kila mtu. Faida yake ni kwamba sponji inabana na upinzani wa hewa ni ule feni iliyoundiwa. Kwa mashine zinazosoma kistika cha RFID (chenye chipu inayosomwa bila waya) kilichobandikwa kwenye filta, hesabu ya maisha inajirekebisha yenyewe. Kwa Xiaomi utakuta rangi tofauti: ya bluu ni ya kawaida, ya kijani imeongezewa kaboni ya kukabili gesi ya formaldehaidi na harufu, ya zambarau inatangazwa kwa bakteria. Nyumba yenye fanicha mpya za mbao za kubandika au rangi iliyopakwa karibuni, nunua kijani. Kama tatizo lako ni vumbi la barabara na moshi wa takataka za jirani, bluu inatosha. Hiyo zambarau haikuongezei kitu cha maana.

Shida ya orijino ni feki. Kistika cha RFID hakithibitishi chochote, maana vistika vinauzwa peke yake mtandaoni. Angalia mikunjo: iwe na nafasi sawa kutoka juu mpaka chini, isilalie upande mmoja, na gundi isiwe na mapengo inapokutana na fremu. Weka ya zamani na mpya kwenye mizani ya jikoni. Ya zamani itakuwa nzito kiasi kwa vumbi na unyevu iliobeba, lakini mpya ikiwa nyepesi kwa theluthi, kuna kaboni iliyopunguzwa.

2. Mbadala wa mtengenezaji anayejitaja

Kwa mashine iliyotoka waranti na yenye modeli maarufu, hapa ndipo thamani ilipo. Sharti ni tatu: boksi litaje daraja (H13, E12, lolote, lakini litaje), litaje orodha ya modeli inazoingia, na filta iwe na sponji au mpira wa kubana kwenye uso unaogusa mashine. Ikikosa hilo la tatu, iache dukani hata kama ni nusu bei.

Bei usiilinganishe kwa boksi, ilinganishe kwa mwezi. Kwa mfano tu: orijino ya shilingi 9,000 inayodumu miezi 12 ni 750 kwa mwezi. Mbadala wa 4,500 unaochoka miezi mitano ni 900. Kinachofanya mbadala uchoke mapema kwa kawaida ni karatasi kidogo: mikunjo michache na mifupi, hivyo eneo la kunasia ni dogo na linajaa haraka. Hesabu mikunjo ya zamani ndani ya sentimita 10, kisha uhesabu ya mpya.

Kaboni nayo inadanganya sana kwenye kundi hili. Sponji nyeusi iliyopuliziwa unga wa kaboni inaonekana sawa kabisa na kaboni ya kweli kwenye picha. Ya kweli ni punje. Ukitikisa filta unazisikia. Kwa nyumba inayofukiza udi au ubani kila jioni, jambo ambalo Mombasa, Unguja au Muscat si la kuulizia, kaboni ya sponji huisha ndani ya wiki chache, kisha mashine yenyewe inaanza kutoa harufu ya udi uliochacha kila ukiiwasha. Mafuta ya ule moshi pia yanagandisha nyuzi za HEPA. Fukiza mashine ikiwa imezimwa na dirisha wazi, iwashe baadaye.

Na hili tulitaje hapa hapa: hakuna filta kati ya hizi, yenye kaboni au isiyo nayo, inayoondoa kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa. Kisafisha hewa hakimpi mtu ruhusa ya kulala na jiko chumbani.

3. Kisanduku cha feni, filta yako isipopatikana kabisa

Mashine nyingine zililetwa na mtu kutoka nje na filta zake hazipo sokoni, na kuagiza kunauma kwa sababu filta ni nyepesi ila inachukua nafasi, hivyo usafiri unatozwa kwa ukubwa wa boksi. Mwaka 2020 Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal walieneza njia nyingine: filta nne au tano za viyoyozi, za daraja la Marekani la MERV 13, za inchi 20 kwa 20 zinapangwa kama mchemraba, zinaunganishwa kwa gamtepu bila kuacha upenyo, na feni ya mraba inawekwa juu ikipuliza kwenda nje ya kisanduku. Feni za mraba ni adimu kwetu, ya mguu inabidi ikatiwe kadibodi yenye tundu la mviringo kuzunguka uso wake. Filta za namna hiyo uliza kwa mafundi wa viyoyozi vya maofisi na hospitali. Kama zina alama za ISO 16890, kipimo cha kimataifa, tafuta zilizoandikwa ePM1, yaani zilizopimwa kwa chembe zisizozidi maikroni 1. Kisanduku kinakula nafasi na hakina kaboni, lakini kwa vumbi na moshi kinafanya kazi kweli.

4. Za kuosha, na zilizokwisha kuoshwa

Kuna filta ya mwanzo, ule wavu au kitambaa cha nje, ambayo kweli huoshwa. HEPA haioshwi. Nyingi za nyumbani ni nyuzi za plastiki zilizotiwa chaji ya umeme tuli, na ni chaji hiyo inayovuta chembe ndogo. Maji ya sabuni na spiriti huiondoa. Filta inatoka nyeupe, hewa inapita kwa raha kuliko zamani, mwenyewe unafurahi, na kumbe chembe ndogo zinapita nayo. Muuzaji anayekuambia filta yake ya HEPA "haiishi, unaosha tu" mwache aendelee kuuza. Mashine zisizo na filta kabisa zinazotegemea ozoni hatuziweki hata kwenye orodha. California imeweka kikomo cha ozoni kwa visafisha hewa vya nyumbani kuwa sehemu 0.050 kwa milioni, kwa sababu gesi hiyo inaumiza mapafu.

Lini ubadilishe, na namna ya kubadilisha

Taa ya filta kwenye mashine nyingi inahesabu saa tu, haioni uchafu. Mtu wa ghorofa ya nane na mtu anayetazamana na barabara ya vumbi wanawashiwa taa siku ile ile. Amini dalili: upepo dhaifu kwa kasi ile ile, kelele iliyopanda, harufu, rangi ya kijivu iliyofika ndani ya mikunjo. Mwenye kipimio kidogo cha PM2.5, yaani chembe za vumbi zisizozidi maikroni 2.5, akiweke kwenye mdomo wa kutolea hewa; filta nzima inayobana hukishusha karibu na sifuri hata kama chumba kinasoma 60. Kampala unaweza kuanzia kwenye vipimo vya AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, kujua nje kukoje kabla hujailaumu filta.

Siku ya kubadilisha, chomoa plagi, toa mashine barazani, vaa barakoa. Filta ya zamani iingize kwenye mfuko wa plastiki taratibu bila kuipiga-piga. Futa ndani kwa kitambaa kilichokamuliwa, kausha, kisha safisha lenzi ya kihisi cha vumbi kwa kijiti cha pamba kikavu. Kihisi kichafu kinaifanya mashine ikimbie kwa kasi ya juu usiku kucha bila sababu. Filta mpya itoe kwenye nailoni yake. Wengi wanaisahau, na mashine inaunguruma wiki nzima huku haivuti chochote. Kama kuna mshale, ufuate mwelekeo wa hewa. Kama kuna utepe wa kuvutia, ubaki upande wako. Funga mpaka kifuniko kilie, kisha futa hesabu ya taa: kwenye Levoit Core 300 unabana kitufe cha filta kwa sekunde tatu, nyingine hufanywa kwenye programu ya simu. Andika tarehe kwenye fremu kwa maka peni.

Wavu wa nje uusafishe kila wiki mbili. Ukiuosha, uanike mpaka ukauke kabisa kabla ya kuurudisha, la sivyo unaipelekea HEPA ukungu, na pwani ukungu hauhitaji kubembelezwa. Filta ya akiba iache kwenye nailoni iliyozibwa, mbali na stoo yenye mafuta ya taa au rangi, kwa sababu kaboni inavuta harufu hata ikiwa kabatini. Ile ya zamani ipeleke na taka za kawaida ikiwa imefungwa. Usiichome, ni plastiki na gundi.