Kipaza sauti cha Luthuli, baada ya miezi minane

Kipaza sauti hiki cha kubeba mkononi nilikinunua Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, mwezi wa pili mwaka wa 2025, shilingi 3,200 baada ya kuanziwa 4,500. Kijana wa dukani aliniapia: "Mama, hii sauti inafika Thika." Inafika ng'ambo ya barabara, ikiwa hakuna matatu inayopita. Na mimi naishi Kayole, mtaa wa Nairobi usiokosa matatu.

Pesa si zangu. Mimi ni fundi wa kushona, na pia katibu wa kikundi cha wazazi mtaani, watu 24, na kila mmoja alitoa 150. Zile 400 zilizobaki zilinunua karatasi za manila na kalamu za wino mzito. Kwa hiyo haya ni maoni ya mnunuzi, na pia ni hesabu ninayowatolea wenzangu.

Nianze na betri, maana ndipo uongo ulipo. Sanduku linasema saa sita. Ukiongea mfululizo ni saa moja na nusu, kisha sauti inaanza kukwama kama ya mtu mwenye mafua. Mshipi wa begani ulikatika wiki ya tatu, nikashona mwingine wa kitenge, na huo hautakatika. Uzito si mbaya, mpaka ubebe na mtoto mgongoni.

Sauti yenyewe ni kali, ila haipendi maneno marefu. Ukisema "kapitesheni", yaani mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi, watu wanasikia filimbi. Tulijifunza hivyo mwezi wa saba, Waziri wa Fedha John Mbadi alipowaambia wabunge kwamba ule mgao wa 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, serikali inaumudu kwa 16,900 tu. Nilijaribu kuisoma hesabu yote langoni mwa shule, wazazi wakawa wananiangalia tu. Mama mmoja anayeuza omena akaninyang'anya kile chombo akapiga kelele, "Elfu tano za mtoto wangu ziko wapi?" Hapo kila mtu akageuka. Kwa usahihi ni 5,344, na kwa darasa la watoto 50 ni 267,200, lakini hizo niliziacha kwenye bango. Kipaza sauti ni cha swali moja fupi. Hesabu iandikwe.

Kitufe cha kurekodi kinashika sekunde kumi na kurudia bila kuchoka. Nilidhani ni mchezo wa watoto, na kweli. Tulikuwa na kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti, mwezi wa tano, ukumbi wa kijamii. Tulienda kuuliza kuhusu vituo vya kulea watoto, kwa sababu Katiba, Jedwali la Nne, inaweka chekechea na vituo hivyo mikononi mwa kaunti, si serikali kuu. Wengi wetu tunaacha watoto kwa jirani mwenye chumba kimoja na watoto kumi na kitu, tunalipa kila asubuhi, na siku usiyouza hulipi, basi siku hiyo unakwenda na mtoto sokoni. Kikao kiliitwa saa nne, kikaanza saa saba. Maikrofoni ya ukumbi ilizunguka viti vya mbele na kurudi ilikotoka. Nikasimama nyuma na kipaza sauti changu, nikabonyeza swali tulilolirekodi nyumbani usiku. Ikatoka sauti ya mwanangu wa miaka minne: "Mama, nataka kukojoa. Mama, nataka kukojoa."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Sikujua kitufe cha kuzima kiko wapi, kwa hiyo alisema mara tano au sita. Afisa aliyekuwa akiandika maoni alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniuliza, "Haya mama, ulitaka kusema nini?" Nikapata dakika zangu mbili. Sijui kama hiyo ni sifa ya bidhaa au ni bahati. Naiweka kwenye sifa.

Sasa king'ora. Kitufe chake kiko chini kidogo ya kile cha kuongelea, mahali kidole gumba kinapopumzika. Aliyekibuni hajawahi kuandamana Nairobi.

Mwezi wa nane tulitembea kupeleka malalamiko yetu ofisini. Taarifa ya maandishi tulimpelekea mkuu wa kituo cha polisi siku tano kabla. Sheria inataka isipungue siku tatu wala isizidi kumi na nne, na muwe barabarani kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, si ombi la ruhusa, na nakala yetu ilipigwa muhuri. Kifungu cha 37 cha Katiba, cha haki ya kuandamana kwa amani, nimekiandika kwa mkono nyuma ya bango langu. Tulikuwa watulivu, watoto mbele na daftari zao. Nikabadilisha mkono kwa sababu ya jasho, kidole kikashuka, king'ora kikalia.

Watu walikimbia. Si wote, lakini akina mama wenye watoto wote walikimbia, na mmoja aliacha kiatu. Tangu Juni 25, 2024, siku polisi walipowapiga risasi waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha, hakuna mtu mtaani kwetu anayesikia king'ora akasubiri kujua kinatoka wapi. Nilisimama pale nikipiga kelele "Ni mimi! Ni mimi!" kwenye kile kile chombo. Ilituchukua karibu nusu saa kukusanyana tena, na wawili hawakurudi siku hiyo. Sikuwalaumu.

Kesho yake fundi wa redio alikifungua, akakata waya wa king'ora na kuziba shimo la kitufe kwa gundi. Shilingi 150. Nikarudi Luthuli kuuliza kama kuna aina isiyo na king'ora kabisa. Kijana yule yule akashangaa. "Lakini mama, hiyo ndiyo watu wanapenda."

Nyota tatu kati ya tano. Ukinunua, omba waupime kwanza muda wa betri mbele yako, usikubali chaja iliyo nje ya sanduku, na uhesabu 3,350 kichwani, kwa sababu utamhitaji fundi.