Studio ya River Road: kurekodi wanajua, miksi wanaikimbiza

Sifa kubwa ya studio hii ya ghorofani River Road ni kwamba prodyuza na injinia ni watu wawili. Kwingi Nairobi kijana mmoja hutunga biti, hurekodi, humiksi, kisha jioni anadai fungu la wimbo mzima.

Prodyuza wao hushughulikia wimbo wenyewe: ufunguo, mwendo, kiitikio kiingie wapi. Humsikiliza mwimbaji kwa kinanda kwanza, na ikibidi hushusha ufunguo, maana koo linalofikia noti ya juu mara moja huenda lisiifikie mara ya kumi. Ila saa zinahesabiwa tangu hapo, kwa hiyo njoo ufunguo wako ukiujua.

Injinia humsimamisha mwimbaji sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki; ukisogea karibu zaidi besi inavimba. Ukisikia sauti yako ikichelewa kwenye hedifoni, usijilaumu. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata, imeachwa kwenye sampuli 1024, sawa na kuchelewa kama milisekunde 21 kwa kilohezi 48. Mwambie aishushe hadi 128 mnaporekodi. Chumba cha sauti nacho ni kidogo, na sponji nyembamba za ukutani zinameza sauti kali tu. Sauti ya kiume inatoka kama imefungiwa kabatini, na injinia analazimika kupunguza kati ya hezi 200 na 400. Paneli nene zingesaidia zaidi.

Wenye biti za kununua walete faili za WAV zilizotenganishwa, kila ala na yake, zote zikianza sekunde sifuri. Katika MP3 moja ngoma na besi zimeshagandana. Injinia hana la kufanya ila kuipandisha sauti yako juu ya kila kitu.

Miksi ndiyo inayotuudhi. Inafanywa jioni ileile pamoja na masta (hatua ya mwisho ya kung'arisha wimbo), kwa masikio yaliyochoka, na sauti inasukumwa juu hadi ngoma zinapoteza mshindo. Na kwa faida gani? Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo masta iliyosukumwa inashushwa tu. Dai miksi ifanywe siku nyingine.

Karatasi ya mgao, ya kuonyesha nani ana fungu gani la wimbo, hawana. Iandikeni kabla ya kurekodi: prodyuza aliyetunga biti ana fungu kwenye utunzi, injinia aliyelipwa kwa saa kwa kawaida hana. Rekodi yenyewe, kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, huhesabiwa ya aliyefanya mipango ya kuirekodi, basi hifadhi risiti zako.