Linux Mint kwenye kompyuta ya 2008: uzoefu wangu wa miezi minne

Jumatatu ya kwanza baada ya kuweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kompyuta iligoma kufunguka. Umeme upo, feni inazunguka, taa zinawaka, lakini badala ya nembo ya Mint skrini ikajaa maandishi meupe, mwisho wake neno moja ndani ya mabano: initramfs. Pembeni kistari kinapepesa, kinasubiri amri. Mteja kasimama kaunta na flashi mkononi, anataka barua ya maombi ya kazi ichapwe kabla basi lake halijaondoka Msamvu. Nikamwomba radhi, nikamchapia kwenye ile mashine nyingine, huku moyoni nasema: cha bure ndiyo hivi.

Nitairudia Jumatatu hiyo. Kwanza niwaeleze kompyuta yenyewe.

Nina kiduka cha stesheneri hapa Morogoro. Tunatoa kopi, tunachapa, tunafunga ripoti. Kompyuta mpakato ninayoizungumzia aliniletea kaka mwaka 2012, ikiwa imeshatumika: prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya kuzunguka ya GB 160, na betri kubwa iliyokufa zamani, kwa hiyo bila waya ukutani haiwaki. Ilikuja na Windows 7. Microsoft walipoacha kuihudumia Januari 2020, kijana mmoja fundi akaipiga Windows 10, na tangu hapo ikawa unaiwasha, unakwenda kununua vitumbua, unarudi bado inazungusha vile vidoti. Nikaifunika kitenge juu ya kabati, ikalala huko miaka.

Aliyeishusha ni kijana wangu wa kidato cha tatu, alitaka pa kufanyia kazi zake za shule. Mimi nami nilikuwa na yangu. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 ambayo kwenye mashine zangu zote mbili haipo. Fundi aliniambia hii ya kabatini nitupe, aniuzie nyingine iliyotumika kwa laki nne na nusu. Laki nne na nusu zenyewe ndizo sina.

Nilichagua Linux Mint toleo la 22, ile yenye mwonekano wa Xfce. Mint inakuja kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na Xfce ndiyo nyepesi kati yao. Wenyewe wanasema RAM ya GB 2 inatosha kuanzia, ila GB 4 ndiyo raha. Kama kompyuta yako ni ya biti 32 usihangaike na hii, tangu toleo la 20 Mint ya kawaida ni biti 64 tu. Huko utafute antiX, Linux nyingine nyepesi. Core 2 Duo ni biti 64, nikapita.

Faili lake ni karibu GB 3. Nililishusha kwa bando la usiku, likakatika mara mbili, likaendelea, na asubuhi likaonekana limekamilika. Hapa kuna hatua ambayo nadhani watu wengi wanairuka, na mimi ningeiruka kama si kijana kuisoma mahali: kulinganisha alama ya SHA256. Ni mstari wa herufi na tarakimu 64 unaopewa na waliotengeneza. Unalipigia hesabu faili lako mwenyewe, mistari miwili inatakiwa ifanane. Tukakaa mezani, yeye anasoma kwa sauti, "saba, f, tatu, tisa, b," mimi nafuata kwa penseli. Herufi ya pili tu tukaachana njia. Nikamwambia umesoma vibaya. Akarudia. Faili lilikuwa bovu, na bando la pili likaenda. Nakwambia iliniuma, lakini ningeliandika lile la kwanza kwenye flashi ningekuja kusumbuka wiki nzima bila kujua nasumbuliwa na nini.

Flashi ya GB 8 niliitengeneza kwa Rufus, programu ya kugeuza flashi iwe ya kuwashia kompyuta, kwenye mashine ya duka. Mara ya kwanza niliacha mpangilio wa GPT, kompyuta haikuiona flashi kabisa, kana kwamba sijachomeka kitu. Mashine za umri huu zina BIOS ya zamani, ile programu inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, hazijui UEFI, mrithi wake. Nikarudia na MBR, ikawaka.

Kabla ya kuweka nilibadilisha vitu viwili. Diski ya kuzunguka niliitoa nikaweka SSD, diski isiyozunguka, ya GB 120, shilingi 60,000, mdogo wangu aliinunua Kariakoo akaipakia kwenye basi. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kwa kompyuta ya zamani, nunua hicho. Halafu RAM: nilipata kipande cha pili cha DDR2 kilichotumika, na hapo kuweka mfumo kukaanza kuganda katikati, leo kwenye asilimia 40, kesho 70. Kwenye menyu ya flashi ya Mint kuna kipimo cha RAM. Nilikiacha kipime wakati napika, niliporudi skrini ilikuwa na mistari myekundu kama daftari la mtoto aliyefeli. Kipande kikarudi kilikotoka, muuzaji akanibadilishia bila maneno mengi, cha pili kikapita salama. Sasa nina GB 4.

Kuweka kwenyewe sina la kusimulia. Unachagua lugha, saa za Dar es Salaam, jina, neno la siri, dakika ishirini hivi, basi. Waifai tu ndiyo haikuonekana. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikaruhusu simu igawe intaneti, Mint ikaipokea kama kebo ya kawaida. Nikafungua programu yao ya kusimamia draiva, ikaitambua kadi ya waifai ikanipendekezea draiva yake, nikakubali, nikazima nikawasha. Sikuandika amri hata moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta mlango uko wazi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa safi. Jumamosi safi, hata nikaanza kujisifu kwa jirani wa saluni. Jumapili hatufungui. Jumatatu, initramfs.

Mambo yalivyokwenda ni haya. Initramfs ni hatua ya awali ya kuamka, Linux inaishia hapo ikishindwa kufungua diski. Ujumbe ule ulisema diski ina hitilafu, niikague mwenyewe kwa fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Niliandika fsck, jina la sehemu ya diski kama lilivyotajwa palepale kwenye ujumbe, na -y mwishoni ili isiniulize swali moja moja. Ikapiga mistari michache, nikaandika exit, kompyuta ikafunguka kama haikutokea kitu. Mafaili yote yapo. Jumanne nzima. Jumatano nzima. Usiku wa Jumatano umeme ukakatika mtaa mzima, Alhamisi asubuhi initramfs tena.

Sasa nikaingia wasiwasi na SSD. Nilishaandaa maneno ya kumwambia mdogo wangu, kwamba ameuziwa mbovu. Kijana ndiye aliyenizuia. Alikuwa ameupiga picha ule ujumbe kwa simu, jioni akaukuza na kuusoma taratibu, neno kwa neno, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa sababu maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yananitia kiwewe.

"Mama, haisemi diski imeharibika. Inasema mara ya mwisho diski kufunguliwa ni tarehe ambayo bado haijafika."

"Haijafika vipi?"

"Kompyuta inadhani leo ni tarehe 1 Januari 2008."

Tukaingia kwenye BIOS, na kweli: 1 Januari 2008, saa sita na dakika nne usiku. Hapo yote yakajipanga. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayolisha saa pale umeme unapokosekana. Yangu ilikuwa imekufa. Betri kubwa nayo imekufa, kwa hiyo maisha ya ile saa yalikuwa yanategemea waya wa ukutani. Nikizima swichi kubwa Jumapili, au umeme ukikatika, saa inarudi mwaka iliozaliwa. Diski nayo huandika ndani yake tarehe ya mwisho kutumika. Linux yangu ilipoamka ikalinganisha: saa inasema 2008, diski inasema miaka kumi na saba na ushee baadaye. Ikakataa kuendelea mpaka mtu aje. Zamani kwa Windows sikuwahi kuliona hili zaidi ya saa kukosea pale kwenye kona, nikairekebisha na kusahau. Sijui niite usumbufu au uaminifu, lakini siku ile niliona heri mfumo unaopiga kelele.

Nilipeleka kile kidude kwa mzee mmoja anayetengeneza saa karibu na Soko la Chifu Kingalu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Saa imesimama?"

"Si saa, mzee, ni kompyuta."

"Kompyuta nayo ina saa," akasema, akaipokea.

Akaigusisha kwenye mita yake: volti 0.6, na inatakiwa 3. Akanionyesha maandishi mgongoni, CR2032, akanifundisha bila kuombwa: 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Shilingi 2,000. Ilikaa kwenye kikalio chake chini ya mfuniko wa RAM, skrubu mbili tu. Kwenye mashine nyingine betri hii ina vijiwaya na plagi yake, au imefichwa chini ya kibodi, hapo mpe fundi. Nikarekebisha tarehe kwenye BIOS, nikazima swichi kubwa usiku kucha kwa makusudi, asubuhi ikafunguka yenyewe. Tangu siku hiyo initramfs sijaiona tena.

Haya, miezi minne sasa. Tangu kubonyeza kitufe mpaka kufungua kivinjari ni chini ya dakika moja. Ikishawaka bila programu yoyote inakula kama MB 800 za RAM. Firefox yenye kurasa tano na barua moja wazi, inakwenda. Kurasa kumi na tano, inaanza kuhema, na video za ubora mkubwa usiilazimishe, prosesa ni mzee. Printa niliichomeka ikatambulika bila CD ya draiva. Skana ya printa hiyohiyo mpaka leo haijakubali, na kazi za skana nazifanyia kwenye mashine nyingine.

Kwa mwenye stesheneri jambo kubwa ni mafaili ya wateja. LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka, inafungua faili za Word, lakini mwanzoni CV ya kurasa mbili ilikuwa inatoka kurasa tatu, na mteja hataki kusikia habari za Linux, anataka CV yake. Sababu ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, na kwangu hazikuwepo. Zipo mbadala za bure, Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa vipimo vilevile vya herufi, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Nikaziweka kupitia duka la programu la Mint, na nyaraka karibu zote zikatulia. Zenye majedwali magumu na maboksi ya maandishi bado nazikagua kwanza kabla ya kuchapa. LibreOffice yenyewe ina sura ya Kiswahili ukitaka. Kijana anaitumia, mimi nimezoea menyu za Kiingereza, nikitafuta "hariri" napotea. Kazi hiyo ya kuipa ofisi ya kompyuta Kiswahili ina historia yake hapahapa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Nisichokipata ni programu yangu ya hesabu za duka, inataka Windows tu. Kwa hiyo sijaihama Windows, nimegawa kazi.

Jumla ya gharama: SSD 60,000, RAM 20,000, betri 2,000, na bando mbili za usiku ambazo sizihesabu kwa uchungu. Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya skana. Mint 22 itahudumiwa mpaka mwaka 2029. Bawaba ya kushoto ya skrini imeshaanza kulegea, kwa hiyo sijui nani atamzika mwenzake.