TAHADHARI: Mbolea mbichi inauzwa kama mboji iliyoiva, Tengeru hadi Usa River, Arusha

Ndugu wakulima, hasa mnaolima nyanya na mboga, nawaomba mjihadhari na muuzaji anayepita mashambani na kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) akinadi mboji iliyoiva, kwa maana alichoniuzia mimi ni kinyesi cha kuku kibichi kilichochanganywa na maranda na udongo.

Nilinunua mifuko 20. Ule aliofungua mbele yangu ulikuwa mzuri kweli, mweusi, wa chengachenga, unanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, nami sikujishughulisha kufungua wa pili. Tulitumia miwili kupandia miche, na siku ya tano kingo za majani zikawa zimeungua. Ndipo nilipomwaga mfuko mwingine hadi chini: juu palikuwa na mboji ya kina cha kiganja, na chini yake mabonge ya kijivu yenye manyoya, ya moto mkononi, yenye harufu ya amonia inayochoma macho.

Mboji haiivi kwa siku chache. Lundo linatakiwa lipande joto la nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, ligeuzwe ili pembeni napo papikike, likae na unyevu wa wastani, kisha liachwe lipoe na kukomaa kwa wiki nyingi. Asiyefanya hivyo anakuuzia vimelea na mbegu za magugu. Amonia na chumvi za kinyesi kibichi huunguza mizizi, na maranda yasiyooza huvuta naitrojeni ya udongo, kirutubisho kinachofanya majani yawe ya kijani, ndiyo maana hata miche yangu iliyopona imekuwa ya njano.

Kabla ya kulipa, chagua mwenyewe mfuko wa katikati ya mzigo, umwage wote, uingize mkono. Ukiwa na muda, weka mboji yenye unyevu kwenye kopo lenye kifuniko kwa siku tatu. Ukilifungua likatoa harufu kali, haijaiva. Jaribio ninaloliamini zaidi ni kupanda mchicha kwenye makopo mawili, moja la udongo mtupu na jingine la udongo uliochanganywa na mboji hiyo, kisha kulinganisha uotaji.

Nilipomuuliza muuzaji huyo kuhusu usajili alinijibu kwamba mbolea ya asili haihitaji karatasi. Si kweli: Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea isajiliwe kabla ya kuuzwa, na muuzaji awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Mifuko yake haikuwa na lebo yoyote, ilikuwa ya saruji iliyogeuzwa ndani nje, jambo ambalo, nakiri, lilipaswa kunishtua mapema.

Simu yake sasa haipatikani. Mifuko 18 iliyobaki nimeirundika upya pamoja na majani makavu ya migomba, naigeuza kila wiki, na haitagusa mche wowote hadi lundo lipoe lenyewe.