Raba za laki tatu na nusu na mguu wangu "wa kandambili"

Soli naipa tisa kwa kumi. Kiatu chenyewe nakipa nne. Duka halipati hata alama moja, na yule kijana aliyeniuzia akisoma hapa atajijua. Silitaji duka wala kampuni iliyotengeneza kiatu maana sitaki kesi, ila kama umewahi kununua raba za kukimbilia katika moja ya yale maduka ya Dar yenye vioo, kiyoyozi na muziki wa chinichini, unajua ninazungumzia mahali pa aina gani.

Uzito kwa gramu, jina la povu la ndani ya soli, rangi zilizotoka mwaka huu, hayo tafuteni wenyewe, yamejaa kila mahali. Mimi nina mawili tu: kiatu kinakaaje mguuni, na soli inakupokeaje unapotua. Watu wanayachanganya. Wanabonyeza soli kwa kidole, wanasikia inabonyea, wanasema "hiki kizuri" na pesa inatoka. Kiatu kinaweza kuwa laini kupita maelezo na bado kikakutoa kucha.

Sasa haki itendeke kwanza, kabla hasira haijapanda. Ile soli ni tamu. Mara ya kwanza kuzitoa nilienda nazo alfajiri, Sinza hadi Mwenge, halafu nikapanda Chuo Kikuu, na magoti yangu yakawa kimya. Magoti yangu si ya kukaa kimya. Nina kilo themanini kasoro kidogo na sikimbii kwa vidole kama wale wa kwenye televisheni, natua kisigino, kishindo kinasikika. Raba zangu za zamani ukikanyaga kokoto unaijua mpaka rangi yake. Hizi zilinesa. Unatua, inazama kidogo, inakurudishia mguu wako. Nilifika juu pale najiona nina miaka ishirini na mbili.

Halafu nikaanza kuteremka kurudi barabara ya Sam Nujoma.

Kwenye mteremko mguu husogea mbele ndani ya kiatu, haijalishi umefunga kamba vipi. Ndiyo maana wazoefu wanasema kati ya ncha ya kidole chako kirefu na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Mimi nafasi hiyo haikuwepo. Na pembeni, upande wa kidole kidogo cha mguu wa kushoto, palikuwa na mshono unaosugua palepale, hatua kwa hatua. Nilipofika nyumbani na kuvua soksi, lengelenge limeshapasuka na ukucha wa kidole kikubwa una rangi ya zambarau. Siku chache baadaye ukawa mweusi. Baadaye ukang'oka, lakini hilo sikuwa nalo bado siku niliyorudi dukani, vinginevyo ningekwenda nao kwenye kikaratasi.

Maana hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu. Siku ya kununua nilikuwa "dada mrembo". Nililetewa kigoda, nikaletewa maji. Kijana akachuchumaa akanivalisha kiatu kimoja, cha kulia, kile cha kwenye shelfu. Nikamwambia kinabana kidogo mbele, nipe 41. Akasema 41 zimeisha, "lakini hiki ni kitambaa cha kufuma dada, kitaachia." Akabonyeza kwa kidole gumba, si mbele kwenye ncha, pembeni, akasema kinakaa safi kabisa. Nikauliza cha kushoto. "Ni kilekile dada, pea moja hii."

Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia. Watu wengi ndivyo walivyo, mmoja unauzidi mwenzake. Muuza viatu ambaye hajui hilo auze mapazia. Tena ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye baridi ya kiyoyozi, mguu umesinyaa. Ukikimbia Dar na joto lile la kunata, mguu unavimba, na jioni unakuwa mkubwa kuliko ulivyoamka. Kiatu cha kukimbilia hujaribiwa jioni, ukiwa na soksi zako za mazoezi, miguu yote miwili, umesimama. Yule alinijaribishia asubuhi, mguu mmoja, nimekaa, na soksi nyepesi za dukani kwao ambazo unaweza kuzisomea gazeti.

Na maneno! Wiki zile nchi nzima ilikuwa inamzungumzia Simbu, mkimbiaji wetu, aliyeleta dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Basi kijana akalidaka hilo. "Dada, wakina Simbu wote siku hizi ni soli nene." Sawa. Simbu anamaliza kilomita moja kwa dakika tatu na sekunde tano hivi, na mwili wake ni wa mtu aliyeumbwa kwa kazi hiyo. Mimi kilomita moja ni dakika saba na ushee nikiwa na siku njema. Soli nene na laini chini ya mtu mzito anayekwenda taratibu ina tabia nyingine: inayumba. Ukikanyaga ukingo wa lami kifundo kinakwenda upande. World Athletics wenyewe waliweka kikomo cha unene wa milimita 40 kwa viatu vya mbio za barabarani, tangu 2020, kwa sababu ya mashindano. Mimi sishindani na mtu, nashindana na ngazi za kwangu, lakini kuyumba kule nilikuhisi kila kona. Hata hivyo nililipa. Laki tatu na nusu, na risiti ya EFD nikachukua.

Nikarudi nayo hiyo risiti. Kijana yuleyule. Nimekuwa nani sasa? "Mama." Siku ya kununua dada mrembo, siku ya kurudisha mama. Nikamweleza taratibu kabisa, nikaomba anibadilishie, hata kama ni kusubiri 41 zije. Akageuza kiatu, akaangalia chini, akapitisha kidole kwenye soli akanionyesha vumbi, kana kwamba kiatu cha kukimbilia kilitakiwa kirudi kikiwa kimekimbizwa kitandani. Akanyoosha mkono kwenye kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamtajia Sheria ya Ushindani ya 2003, kwamba mlaji naye ana kinga yake asidanganywe. Akatabasamu. Halafu akasema hili, naliandika kama lilivyotoka:

"Mama, kiatu hakina shida. Mguu wako ndio umetanuka. Mguu uliozoea kandambili uko hivyo."

Binti wa kaunta akainamia simu yake mabega yanatikisika. Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu.

Nikamwambia, kaka yangu, mguu huu wa kandambili ndio uliokuja hapa na laki tatu na nusu. Nikaondoka. Nilikuwa na mengine ya kusema, yalinijia nikiwa kwenye daladala, kama kawaida.

Lile neno limenikaa. Kwa sababu, tukubaliane, kuhusu umbo la mguu kijana hakukosea. Mtu aliyekua peku au na ndala vidole vyake hutawanyika, mbele panakuwa papana. Mimi nimekulia Morogoro, viatu vilikuwa vya shule na vya kanisani. Lakini sasa hapo ndipo ninapozidi kuchemka: mji huu nusu nzima umekulia kwenye kandambili! Unaagiza shehena ya viatu unaileta Dar es Salaam, unakuta wateja wana miguu ya Dar es Salaam, halafu unashangaa? Wanaotengeneza wanajua miguu haifanani. New Balance wanauza modeli moja kwa upana tofauti tofauti. Altra wamejijengea jina kwa viatu ambavyo mbele vimefuata umbo la vidole. Upana una hata herufi zake kwa vipimo vya Kimarekani: kwa wanawake B ndiyo kawaida na D ni mpana, kwa wanaume D ndiyo kawaida, 2E mpana, 4E mpana zaidi. Duka lile lote, nilivyozunguka, sikuona boksi lenye herufi ya upana. Wanaleta wembamba mtupu, kisha kosa la mguu.

Nilijaribu kuziokoa, maana ile soli inaniuma kuiacha. Fundi viatu wa mtaani kwetu akazipachika mbao zenye umbo la mguu, akazilaza hivyo kwa usiku kadhaa. Kitambaa kikatanuka kweli. Soli haikutanuka. Kwa hiyo sasa kidole kidogo hakibanwi tena, kinaning'inia nje ya ukingo wa soli, na ule ulaini wote niliolipia kidole hicho hakiupati. Fundi mwenyewe aliniambia mapema, "mama, chini sipanui." Alivyosema "mama" yeye haikuniuma.

Mwenzangu mmoja wa klabu ya jogging akanifundisha kuruka matundu ya kamba pale penye upana, na kutumia lile tundu la juu kabisa ambalo wengi hatulijui ni la nini: unaingiza kamba ukaacha kitanzi kila upande, unapitisha ncha kwenye kitanzi cha ng'ambo, unavuta. Kisigino kinashikwa, mguu hausogei mbele sana. Hilo lilisaidia kuliko chochote. Jaribuni hata kama viatu vyenu havina tatizo.

Mwisho nikaenda Karume, kwenye soko la mitumba. Nilikuwa na hasira na kila muuza viatu duniani, na kijana wa kwenye meza ya mitumba alikuwa na kelele mpaka nikataka kupita. Akaangalia miguu yangu, nimevaa nini? Kandambili. Nikajiandaa. Akasema, "Dada, wewe chukua za kiume. Vua zote mbili, kushoto kwanza, kushoto kwako kukubwa."

Aliona akiwa amesimama, mimi nikiwa natembea! Za kiume, na zile herufi nilizowaambia zinaeleza kwa nini: kiatu cha kawaida cha mwanaume ndicho kiatu kipana cha mwanamke. Yeye hakuwa na herufi yoyote, alikuwa na macho. Akanisimamisha juu ya boksi lililokunjuliwa, akabonyeza mbele, akanikunjia kiatu kuonyesha kinakunjika pale vidole vinapoanzia na si katikati. Pea ya kwanza niliyoipenda akaninyang'anya. Akanionyesha pembeni mwa soli, vimikunjo vyembamba vya kulala, akasema hii sponji imeshakufa, inapendeza tu. Muuzaji anakukataza kununua! Nikachukua nyingine, za kampuni ya Marekani, nayo siitaji, haki sawa kwa wote. Alianzia tisini, tukakutana sitini na tano.

Kukaa mguuni, kumi kwa kumi. Vidole vinacheza, kisigino hakipwayi, nilikimbia nazo nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, kupanda kuelekea Mweka na kuteremka mpaka uwanja wa Ushirika, na kucha zote nilirudi nazo Dar. Mtu aliyewahi kuteremka ule mteremko anajua nasema nini.

Ila. Inabidi niseme. Kilomita za mwisho pale Moshi nilizililia zile za laki tatu na nusu. Raba ya kukimbilia kwa kawaida huhesabiwa kilomita kama 500 mpaka 800, baada ya hapo povu halirudi vizuri, na hizi zilishaishi maisha ya mtu mwingine kabla hazijapanda meli. Kishindo kilikuwa kinanipanda mpaka kiunoni. Magoti yalirudia usemaji wao, na kesho yake ngazi za gesti nilishuka kinyumenyume. Kwa hiyo ukiniuliza zipi bora, jibu linategemea unaniuliza kwenye kilomita ya ngapi. Mpaka kumi na tano, Karume. Baada ya hapo ningemsamehe hata yule kijana.

Hapana, simsamehi. Angenipa ile soli kwenye 41 ya kiume nisingeandika hata mstari, ningemletea wateja klabu nzima. Alikuwa nazo za kiume ukutani, nimezikumbuka baadaye, upande wa pili wa duka, safu mbili. Hatua kumi. Hakutembea hatua kumi, akaona rahisi kunitukania mguu.

Basi zipo ndani, saizi 40, mbele zimepanuliwa kidogo na fundi, soli bado inanesa, vumbi nimefuta mwenyewe. Laki mbili, haipungui. Mwenye mguu mwembamba wa klabu yetu anione Jumamosi baada ya mazoezi. Kujaribu ruksa, vyote viwili, kushoto kwanza, na ukiona zinabana usinunue.